Kodi ya Mapato na Ritani ya Mfanyakazi: Majibu ya Maswali Yenu

(Hotuba ya Mweka Hazina wa tawi katika mkutano wa wanachama, siku ya Jumapili. Inapigwa chapa hapa kwa faida ya wale waliokuwa zamu siku hiyo.)



Kamati ya tawi imeniagiza niseme nanyi juu ya kodi ya mapato, na hasa juu ya yale maelezo ya kila mwaka ambayo sisi sote tunayaita ritani. Kwa muda sasa watu wamekuwa wakinisimamisha langoni, kantini, na hata njiani kwenda steji, kila mtu na swali lake. Maswali hayo nimeyaandika katika daftari na leo nitayajibu moja moja. Mimi sikusomea sheria. Ni mtu wa mashine kama ninyi, ila nimeshika vitabu vya tawi kwa miaka mingi, na tena kodi hii imewahi kuniuma mimi mwenyewe, kama nitakavyowaeleza.

Kabla ya maswali nataka mshike neno moja, hata kama mtasahau mengine yote. Kukatwa kodi ni jambo moja, na kupeleka ritani ni jambo jingine. Kukata ni kazi ya tajiri. Ritani ni yako wewe. Na usidhani kwamba ritani ni mzigo wa serikali tu. Siku ya kuijaza ndiyo siku katika mwaka ambayo mfanyakazi huketi chini akakagua hesabu za tajiri wake, aone kama jasho lake limeandikwa sawasawa. Mtu akimwachia mwingine kazi hiyo, ametupa haki yake kwa mkono wake mwenyewe.

Wazee wetu hawakuwa na haki hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwatoza kodi ya kibanda, baadaye ikaongeza kodi ya kichwa, ili watu walazimike kwenda kufanya kazi ya mshahara. Hakuna aliyeulizwa anapata nini. Mwaka 1922 Harry Thuku alipokamatwa, wafanyakazi wa Nairobi waligoma, na miongoni mwa malalamiko yao yalikuwa kodi iliyopanda na mishahara iliyopunguzwa. Kodi ya mapato ilianza Kenya mwaka 1937. Sheria ya Kodi ya Mapato tunayoifuata ni ya mwaka 1973, ingawa imebadilishwa mara nyingi, na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, yaani KRA, iliundwa mwaka 1995. Basi sisi tunaulizwa mapato yetu, na tuna nafasi ya kujibu. Tujibu wenyewe.

SWALI LA KWANZA: Mimi hukatwa kodi kila mwezi. Kwa nini tena nipeleke ritani?

Hili ndilo swali la wengi. Kodi unayoiona katika karatasi yako ya mshahara, ile inayoandikwa PAYE, hukatwa na tajiri kwa niaba ya serikali, naye hupaswa kuifikisha KRA si zaidi ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Lakini hayo ni maelezo yake yeye. Ritani ni maelezo yako wewe ya mwaka mzima, tangu tarehe 1 Januari hata 31 Desemba: nimepata kiasi hiki, nimekatwa kiasi hiki, kodi yangu kamili ni hii. Mwisho wa kuipeleka ni tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo ritani ya mapato ya mwaka 2025 ina mwisho wake tarehe 30 Juni 2026.

Mara nyingi hutadaiwa hata senti, kwa kuwa ulikwisha kukatwa. Hata hivyo ritani yatakiwa. Asiyeipeleka hutozwa faini ya shilingi 2,000, au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Shilingi 2,000 kwa kibarua si pesa kidogo. Ni unga wa nyumba kwa siku nyingi.

SWALI LA PILI: Mshahara wangu ni mdogo, sikatwi kodi yoyote. Je, yanihusu?

Yakuhusu. Ukiwa na PIN ya KRA na ukawa na kazi, unapeleka ritani. Nitawaeleza hesabu ilivyokuwa kwa mapato ya mwaka 2025, mpate kuona kwa nini wengine hawakatwi.

Shilingi 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 10. Shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25. Zinazofuata hapo mpaka kufika 500,000 hutozwa asilimia 30. Kuna asilimia 32.5 na asilimia 35 kwa wanaopata zaidi ya hapo, lakini hao sijawaona katika mkutano huu. Ukisha kupata jumla, unaondoa nafuu ya mtu binafsi, ambayo ni shilingi 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka. Sasa asilimia 10 ya 24,000 ni 2,400 kamili. Ndiyo maana mtu asiyezidi 24,000 hakatwi kitu: kodi yake yote imemezwa na nafuu.

Lakini kutokatwa kodi si sawa na kutokuwa na mapato. Mtu huyo ameajiriwa, amelipwa, na jina lake limo katika maelezo ya tajiri. Kwa hiyo ajaze ritani ya mwajiriwa, kodi itoke sifuri. Na hapo ndipo linakuja swali la tatu.

SWALI LA TATU: Kijana wa saiba hunijazia ritani kwa dakika mbili. Kuna ubaya gani?

Nimewauliza wanachama zaidi ya ishirini wanionyeshe risiti zao za ritani. Wengi wao, watu wenye kazi ya kudumu, walikuwa wamejaziwa ritani ya mtu asiye na mapato yoyote, ile inayoitwa nil. Kwa kijana wa saiba hiyo ndiyo rahisi: anabonyeza mara mbili tatu, anapokea pesa zake, anaita mwingine. Hakuulizi P9. Hakuulizi unafanya kazi wapi. Nawe unarudi nyumbani ukijua umemaliza.

Hukumaliza, ndugu yangu. Umetia saini uongo. Tajiri amewaambia KRA kwamba amekulipa mshahara miezi kumi na miwili, na wewe umewaambia hukupata chochote. Siku hesabu hizo mbili zikiwekwa pamoja, atakayeitwa kueleza ni wewe, maana PIN ni yako. Ritani ya nil ni ya mtu mwenye PIN ambaye kweli hakupata chochote mwaka mzima, kama mwanafunzi au mtu aliyekosa kazi tangu Januari hata Desemba.

Kuna na jambo jingine la saiba. Wengi wenu PIN zenu zilifunguliwa huko, na anwani ya barua pepe iliyoandikwa ni ya yule kijana. Basi kila barua ya KRA inakwenda kwake. Neno la siri analijua yeye. Kijana akihama mtaa, ameondoka na ufunguo wa nyumba yako. Badilisheni anwani iwe yenu, badilisheni neno la siri, wala msimpe mtu. Tena fahamuni kwamba KRA haitozi ada yoyote ya kujaza ritani. Katika vituo vya Huduma kuna maofisa wa KRA wa kuwasaidia watu bila malipo.

Ikiwa ulikwisha kujaziwa nil kwa makosa, usijifiche. Sheria inakuruhusu kuisahihisha ritani yako mwenyewe, na muda wake ni miaka mitano. Ni afadhali ukasahihishe kabla hujaitwa.

SWALI LA NNE: P9 ni kitu gani, na nitajuaje kama iko sawa?

P9 ni karatasi ya tajiri inayoonyesha mwezi kwa mwezi amekulipa nini, ametoa nini, na amekata kodi kiasi gani. Ni haki yako kuipata mwaka ukiisha. Usingoje Juni, maana wakati huo karani wa mishahara ana foleni mpaka mlangoni. Ombeni mapema.

Ukiipata usiitie mfukoni tu. Iweke mezani pamoja na karatasi zako za mshahara za mwaka ule, utazame mistari. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 20, inamlazimu mwajiri akupe maelezo ya mshahara yaliyoandikwa, yakionyesha kila kilichokatwa na sababu yake. Asiyepewa karatasi hiyo aje ofisi ya tawi.

Sasa tazama kosa moja ambalo tumelikuta mara nyingi. Tangu tarehe 27 Desemba 2024 sheria imebadilika: pesa za bima ya afya, yaani SHIF, na pesa za ushuru wa nyumba hutolewa kwanza katika mshahara, kama zinavyotolewa za NSSF, na kinachobaki ndicho kinachotozwa kodi. Tuchukue mfano wa mtu wa shilingi 40,000 katika mwezi wa Machi 2025. NSSF ni 2,400. SHIF, asilimia 2.75, ni 1,100. Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5, ni 600. Ukizitoa zote, kinachobaki cha kutozwa kodi ni 35,900. Kodi yake, baada ya nafuu, ni shilingi 3,153.

Lakini karani akisahau, atatoa NSSF peke yake na kutoza kodi juu ya 37,600. Hapo mfanyakazi atakatwa shilingi 510 zaidi kila mwezi. Kwa mwaka ni 6,120. Hakuna mtu aliyeiba, pengine, lakini pesa hazimo mfukoni mwako. Nani atalijua kosa hilo kama si mwenye mshahara?

Mwenye bima ya maisha, au bima ya elimu ya watoto ya muda wa miaka 10 au zaidi, ana nafuu nyingine ya asilimia 15 ya anayolipa, isiyozidi 60,000 kwa mwaka. Ataihitaji hati ya kampuni ya bima. Lakini wale wanaoniuliza kama mkopo wa kawaida wa sako hupunguza kodi, jibu ni hapana.

SWALI LA TANO: Je, kama tajiri amenikata na hakupeleka?

Ndugu zangu, hapa nitawaeleza yaliyonipata. Zamani kidogo nilikuwa katika kiwanda kingine, na jina lake sitalitaja. Kila mwisho wa mwezi karatasi ya mshahara ilionyesha kodi imekatwa. Nilipoingia katika mtandao wa iTax kujaza ritani, nikaona yale maelezo ambayo hujazwa kutokana na taarifa za mwajiri. Mapato yalikuwa ya miezi minane tu. Miezi minne haikuwako kabisa, kana kwamba sikufanya kazi.

Nikaenda kwa karani. Akasema ni mtandao. Nikarudi baada ya wiki, akasema meneja amesafiri. Basi nikawauliza wenzangu wa zamu, na kila aliyetazama aliona pengo lile lile. Tulikuwa watu arobaini na mmoja. Tulipoambiana tulete karatasi za mshahara za miezi ile minne, waliokuwa nazo zote walikuwa kumi na mmoja. Wengine walifungia sukari, wengine waliwashia jiko. Mimi zangu zilikuwa ndani ya kopo la majani ya chai, kwa sababu mke wangu hapendi karatasi zitupwe.

Kwa karatasi za watu hao kumi na mmoja, Katibu wa chama aliandika barua kwa kampuni na kwa KRA. Haikuchukua siku mbili. Ilichukua miezi. Lakini kampuni ililazimika kupeleka taarifa iliyokosekana na kulipa. Sisi kumi na mmoja hesabu zetu zilikaa sawa kwanza. Wale wengine walikaa muda mrefu wakithibitisha jambo ambalo karatasi ingelithibitisha kwa dakika moja. Mmoja wao alikuwa ameahidiwa kazi nzuri mahali pengine. Akatakiwa kuleta cheti cha KRA cha kuonyesha kwamba hana deni la ritani wala la kodi. Cheti hakikutoka kwa wakati. Kazi ikachukuliwa na mwingine. Mpaka leo nikikutana naye hatuongei sana juu ya jambo hilo.

Kwa hiyo shikeni haya. Sheria ya Kodi ya Mapato inasema kwamba kodi iliyokatwa katika mshahara huhesabiwa kuwa imelipwa na mfanyakazi. Deni ni la tajiri aliyeikata na kuikalia. Lakini mtu akidai kwamba alikatwa, ataulizwa: ushahidi uko wapi? Ushahidi ni karatasi ya mshahara na P9. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi karatasi hizo ndizo daftari yetu. Ziwekeni miaka mitano kamili. Mwenye simu azipige picha pia, lakini karatasi yenyewe asiitupe.

Na mkiona pengo, msiende mmoja mmoja kugombana na karani. Leteni habari kwa msimamizi wa chama katika idara yenu. Kosa la mtu mmoja huitwa kosa la mtandao. Kosa la watu arobaini lina jina jingine.

SWALI LA SITA: Nina kazi mbili, mchana kiwandani na usiku ulinzi. Kila mahali hukatwa vyangu. Sidaiwi kitu, sivyo?

Hapa yafaa msikilize sana, maana wengi wameumia. Nafuu ya shilingi 2,400 hupewa mtu, haipewi kazi. Ukiwa na kazi mbili, nafuu ni moja tu. Tena kodi huhesabiwa juu ya mapato yote yakiwa pamoja.

Mfano. Ndugu mmoja, baada ya makato ya NSSF, SHIF na nyumba, anabaki na 30,000 kiwandani na 20,000 katika ulinzi. Kiwandani hukatwa kodi ya 1,500. Katika ulinzi, tajiri wa pili akimpa nafuu kama kwamba hana kazi nyingine, hakatwi kitu. Anaona mambo ni mazuri. Lakini KRA huyajumlisha: 50,000. Kodi ya 50,000, baada ya nafuu moja, ni shilingi 7,383 kwa mwezi. Yeye amelipa 1,500. Kwa mwaka atadaiwa shilingi 70,600 kwa mara moja. Mtu wa namna hii akijua jambo hili tarehe 29 Juni, usingizi humkimbia.

Dawa yake ni kumwambia tajiri wa pili tangu mwanzo kwamba una kazi nyingine, asikupe nafuu. Utakatwa kila mwezi, utaona uchungu kidogo kidogo, lakini deni la mwisho wa mwaka litapungua. Na ukijaza ritani, weka P9 zote mbili. Usifiche moja. Zote mbili zimebeba PIN yako. Aliye na vyumba vya kupangisha naye asidhani havihusiki. Kodi yake ina masharti yake mbali, basi aje tuzungumze naye peke yake.

SWALI LA SABA: Niliachishwa kazi katikati ya mwaka. Ritani ya nini tena?

Ndugu, wewe ndiwe unayeihitaji kuliko sisi wote. Nisikilizeni. Tajiri hukukata kila mwezi kwa kudhani kwamba utaendelea kupata mshahara ule hata Desemba. Lakini kodi yako kamili ni ya mwaka mzima.

Tuseme mtu alikuwa na 50,000 za kutozwa kodi kila mwezi katika mwaka 2025, akaachishwa mwisho wa Juni, na hakupata kazi tena mwaka ule. Kwa miezi sita alikatwa 7,383 kila mwezi, jumla shilingi 44,300. Mapato yake ya mwaka ni 300,000. Sasa fanyeni hesabu ya mwaka. 288,000 za kwanza kwa asilimia 10 ni 28,800. Zilizobaki 12,000 kwa asilimia 25 ni 3,000. Jumla 31,800. Ondoa nafuu ya mwaka, 28,800. Kodi yake ya kweli ni shilingi 3,000 tu. Alikwisha kukatwa 44,300. Basi ana haki ya kudai arudishiwe 41,300.

Pesa hizo ni karo ya mtoto. Ni kodi ya chumba kwa miezi kadhaa kwa mtu aliyekosa kazi. Lakini hazitamfuata nyumbani. Ni lazima ajaze ritani aweke P9 yake, na kisha apeleke ombi la kurudishiwa katika mtandao ule ule. Muda wa kuomba ni miaka mitano. KRA itachunguza kabla ya kulipa, na pengine itachukua muda, kwa hiyo awe na karatasi zote mkononi. Nawaomba wote mnaowajua wenzetu waliopunguzwa kazini mwaka jana, au mwaka juzi, muwapelekee neno hili. Wengi wao hawaji mkutanoni tena kwa kuona haya. Waambieni milango ya tawi iko wazi.

SWALI LA NANE: Nimechelewa, au nimeandikiwa deni nisilolijua. Nifanye nini?

Aliyechelewa ajaze leo, asingoje kesho. Kuchelewa mwaka mmoja ni faini moja. Kuchelewa miaka minne ni faini nne. Na kama kuna kodi yenyewe inayodaiwa, ina faini yake ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi, hata usipopata barua.

Kama umeandikiwa hesabu usiyoikubali, una siku 30 tangu kupewa taarifa hiyo kupeleka pingamizi kwa maandishi, ukieleza sababu na kuweka ushahidi. Usipige kelele dirishani, wala usikae kimya. Siku 30 zikipita, mlango unakuwa mgumu kufunguka. Ukiletewa barua ya namna hiyo, ilete ofisini siku hiyo hiyo. Tumeona watu wakitembea na barua mfukoni miezi miwili kwa hofu, na hofu haijawahi kulipa deni la mtu.

Ndugu wafanyakazi, maswali yamekwisha. Sasa nawaeleza tutakalofanya. Kuanzia Jumamosi ijayo, baada ya zamu ya asubuhi, mimi na ndugu wawili wa Kamati tutakuwa ofisini na kompyuta ya tawi. Kila mwanachama atajaza ritani yake kwa mkono wake mwenyewe, sisi tutaketi kando kumwonyesha. Hatutamjazia mtu, wala hatutaki kulijua neno la siri la mtu. Njooni na kitambulisho, PIN, P9, na karatasi zote za mshahara za mwaka ule. Mkimaliza, chukueni risiti ya KRA muiweke pamoja na hizo nyingine.

Asiyejua kusoma vizuri asione haya. Kuna akina mama wawili wa idara ya kufunga bidhaa waliojifunza mwaka jana, na mwaka huu wao ndio watakaofundisha wengine.

Wako watakaosema, kodi tunalipa na barabara ya kwetu haina lami, na hospitali haina dawa. Mimi siwapingi. Manung'uniko hayo ni ya haki, na chama kitaendelea kuyasema mahali panapostahili. Lakini mtu anayetaka kuuliza pesa zake zimefanya kazi gani, kwanza awe anajua ametoa ngapi. Sisi tunaopigania nyongeza ya mia tano katika meza ya majadiliano, itakuwaje tuache mia tano nyingine ipotee kila mwezi katika karatasi tusiyoisoma?

Nendeni nyumbani leo, fungueni sanduku, kopo au droo, mzitafute karatasi zenu. Mkikuta mwezi mmoja haupo, mjue mahali pa kuanzia.

 Umoja wetu ndio nguvu yetu.